Kuondoa maboksi ya povu na plastiki za kutumika mara moja chuoni: mwongozo kamili kwa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Julai jijini Mbeya, mwanafunzi anayetoka kwenye kipindi saa saba mchana na kutakiwa kuwa kwenye kingine saa nane hana muda wa kukaa mezani, na baridi haimruhusu kubeba wali katika sahani iliyo wazi. Anachukua chakula chake katika boksi jeupe la povu, lile ambalo wengi huliita tekiawei, kwa sababu ni jepesi, halimgharimu kitu anachokiona, na linatunza joto mpaka afike darasani. Nimeanza na mwanafunzi huyu kwa makusudi. Kampeni nyingi za mazingira vyuoni humwona kama mkosaji anayepaswa kuelimishwa, ilhali yeye anatatua tatizo la kweli kwa kifaa pekee alichopewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya serikali za wanafunzi, washauri wa wanafunzi, wasimamizi wa migahawa na mama lishe wa Mbeya, Iringa na maeneo jirani, na umejengwa juu ya jambo moja: boksi la povu huondoka pale tu mlaji anapopewa chombo kingine kilicho safi, kinachobebeka na chenye kutunza joto. Kwa hiyo kazi kubwa zaidi iko kwenye karo la kuoshea vyombo, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Kwa nini povu litangulie

Boksi la povu limetengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini, iliyojazwa hewa kiasi kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa tupu. Hewa hiyo ndiyo inayotunza joto, na hiyo hiyo ndiyo inayolifanya lisiwe na mnunuzi baada ya matumizi. Waokota makopo wanaopita mitaa ya Mwanjelwa au Kihesa hukusanya chupa za maji kwa sababu zinauzika kwa kilo. Gunia zima la maboksi ya povu lina uzito mdogo mno kuweza kulipa hata nauli ya kulisafirisha, tena yamepakwa mchuzi. Ndiyo maana yanachomwa nyuma ya mabweni au yanaachwa mtaroni.

Kuna pia suala la afya. Polistirini huundwa kwa kemikali iitwayo stirini, na kiasi kidogo cha stirini huhamia kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto na chenye mafuta, yaani sawasawa na chipsi mayai zilizotoka kikaangoni. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliipandisha stirini katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari ya boksi moja, na si haki kumtisha mtu kwamba mlo mmoja utamuua. Hata hivyo, anayekula humo kila siku kwa miaka mitatu ana sababu nzuri ya kutaka chombo kingine. Kuyachoma maboksi hayo karibu na watu ni kubaya zaidi, kwa kuwa moshi wake mweusi hubeba masizi na mvuke wa stirini hiyo hiyo.

Ili kulitambua, geuza chombo na utazame pembetatu iliyochorwa chini yake. Namba 6 ni polistirini. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda, namba 2 ni ile ngumu ya vidumu, na namba 5 ni ya vyombo vigumu vinavyostahimili joto na vinavyoweza kuoshwa na kutumika tena mara nyingi.

Sheria inasema nini, na inaishia wapi

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya huduma za afya, kilimo na ujenzi viliachwa nje ya katazo hilo, na ndani ya mwanya huo vikaingia vifuko vyembamba vya nailoni ambavyo leo vinafungia karanga, juisi na hata maharage ya moto. Kumbebea mteja bidhaa katika kifuko cha namna hiyo ni kukitumia kifungashio kama mfuko, jambo ambalo kanuni hazikulikusudia. Boksi la povu, kwa upande wake, si mfuko, na kanuni hizo hazilitaji kama kitu kilichokatazwa. Maana yake kwa chuo ni hii: kwenye mifuko mnaweza kuegemea sheria ya nchi na kuomba ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lakini kwenye povu mnahitaji sera yenu wenyewe na mikataba yenu wenyewe. Msimwambie mama lishe kwamba boksi lake ni kosa la jinai. Siku atakapogundua si kweli, hatawaamini tena.

Hatua ya kwanza: kamati ya watu wachache

Watu sita wanatosha. Wawe mwakilishi wa serikali ya wanafunzi, mtu kutoka ofisi ya mshauri wa wanafunzi, msimamizi wa usafi, mzabuni wa mgahawa, mtu wa kitengo cha manunuzi, na mama lishe mmoja kutoka nje ya geti. Huyu wa mwisho husahaulika kila mara, ingawa huenda ndiye anayelisha nusu ya chuo. Mwombeni uongozi barua moja tu ya kuruhusu zoezi la kuhesabu taka na majaribio ya muhula mmoja, kwa kuwa barua ya jambo dogo hupita haraka kuliko andiko la kubadilisha kila kitu.

Hatua ya pili: kuhesabu kabla ya kusema

Chagueni wiki ya kawaida ya masomo, isiwe ya mitihani wala ya kufungua chuo. Kwa siku tano mfululizo, taka za mgahawa, mabweni mawili na jengo moja la madarasa zikusanywe kwa alama, zimwagwe juu ya turubai, na zigawanywe katika mafungu: maboksi ya povu, vifuko vya nailoni, chupa za maji na soda, vikombe, vijiko na mirija, karatasi, na makombo ya chakula. Pimeni kila fungu kwa mizani, lakini povu na vifuko vihesabiwe kimoja kimoja, maana mizani itawadanganya: kilo moja ya povu huchukua nafasi kubwa mno. Wanaochambua wavae glavu nene, barakoa na viatu vilivyofunikwa, na taka za zahanati ya chuo zisiguswe kabisa.

Wakati huo huo, mtu mmoja akae mgahawani kuanzia saa sita hadi saa tisa na ahesabu jambo moja tu: kati ya kila walaji 100, wangapi wanakula hapo hapo na wangapi wanabeba? Bila namba hiyo hamtajua mnunue vyombo vingapi. Waulizeni pia wanaobeba kwa nini wanabeba. Baadhi watasema hakuna kiti, wengine kwamba sahani hazikuoshwa vizuri, wengine kwamba chakula kitapoa. Majibu hayo matatu yanahitaji tiba tatu tofauti, na la kwanza huweza kumalizwa na mabenchi manne chini ya mti.

Hatua ya tatu: karo la kuoshea

Niliwahi kushuhudia mpango wa namna hii ukifa katika chuo kimoja ndani ya wiki tatu. Sahani zilinunuliwa, mabango yakabandikwa, hotuba zikatolewa. Lakini vyombo vilioshwa katika ndoo moja ya maji baridi, na katika baridi ya kwetu mafuta huganda juu ya sahani kama nta. Wanafunzi wakaziona sahani zinateleza, wakarudi kwenye maboksi, na sikuona namna ya kuwalaumu.

Mfumo unaofaa una vituo vinne vilivyopangwa kwa mstari, na hautaki mashine. Kwanza ni meza ya kukwangulia makombo ndani ya ndoo yenye mfuniko. Pili ni karo au beseni la maji ya moto yenye sabuni, moto kiasi kwamba mkono unavumilia kwa shida, yakibadilishwa mara tu yanapoonyesha mafuta juu. Tatu ni maji safi ya kusuuzia. Nne ni maji yenye dawa ya klorini, ambamo chombo hukaa kwa dakika moja. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo, ile isiyo na manukato na yenye nguvu ya asilimia 3.5, huwekwa vijiko viwili hadi vinne vya chakula katika ndoo ya lita 20; hiyo ni takriban miligramu 50 hadi 100 za klorini kwa kila lita. Maji hayo yatengenezwe upya kila mlo, na dawa isichanganywe kamwe na kemikali nyingine ya usafi, hasa yenye tindikali. Baada ya hapo vyombo vipangwe wima kwenye chanja vikauke kwa hewa. Kitambaa cha kukaushia, hata kikiwa cheupe, hurudisha uchafu wote ulioondolewa.

Maji ya moto ndiyo gharama kubwa. Sufuria moja kubwa linaloachwa kwenye jiko la mgahawa baada ya kupikia maharage hutumia joto ambalo lingepotea bure, na kwa chuo chenye uwezo, pipa la kupasha maji kwa jua juu ya paa hulipa, kwa kuwa hata miezi yetu ya baridi huwa na jua kali mchana. Waosha vyombo walipwe, nami nalisisitiza hili. Kazi ya kujitolea hudumu mpaka wiki ya majaribio ya darasani, kisha karo hubaki na mlima wa vyombo. Kwa mgahawa wa sahani 400 kwa siku, anzeni na watu wawili kuanzia saa saba hadi saa tisa, mtazame foleni, kisha muongeze au mpunguze.

Makombo yaliyokwanguliwa huwa na wateja wa uhakika, kwani wafugaji wa nguruwe hawakosekani Mbeya wala Iringa. Masharti ni mawili. Yasiwe na vijiti vya meno wala plastiki, na mfugaji ayachemshe kwa saa nzima kabla ya kulisha, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika husambaa kupitia mabaki ya nyama ya nguruwe, nayo haina tiba.

Hatua ya nne: chombo cha kubebea na rehani yake

Sote tuliokua tukitumwa soda dukani tunajua kwamba huondoki na chupa ya kioo bila kuacha rehani au kurudisha chupa nyingine. Utaratibu huo umezirudisha kreti viwandani kwa miaka mingi bila bango hata moja, na ndio ninaopendekeza kwa chakula cha kubeba.

Nunueni vyombo vya chuma kisichoshika kutu, vyenye mfuniko wa kubana, au vya plastiki ngumu ya namba 5 ikiwa fedha ni chache. Vya chuma hudumu miaka mingi na havinyonyi harufu ya samaki. Vya melamini vinavutia kwa bei, lakini havifai kupashiwa chakula kwenye maikrowevu na huchakaa kwa kukwaruzwa. Kila chombo kichongwe namba. Mwanafunzi analipa rehani mara moja mwanzoni mwa muhula na kupewa kadi ngumu. Akichukua chakula anaacha kadi, akirudisha chombo anapewa kadi yake, na mwisho wa muhula anarudisha kadi na kuchukua fedha zake. Rehani iwe kubwa kiasi cha kuumiza chombo kikipotea, lakini isimfungie nje mwenye shida. Wiki ambayo bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limeingia ndiyo wiki ya kuuza kadi; wiki ya njaa, hata shilingi elfu mbili ni chakula cha siku.

Hesabu ya mtaji ifanywe wazi. Tuseme mgahawa unauza sahani 400 kwa siku na 150 kati yake hubebwa. Kwa siku tano za wiki na wiki 15 za muhula, hayo ni maboksi 11,250. Kama boksi moja ni shilingi 200, mgahawa unatumia shilingi 2,250,000 kwa muhula kununua taka. Kwa chombo cha shilingi 6,000, fedha hizo zinanunua vyombo 375. Mnahitaji 150 vilivyoko nje, 150 vilivyoko karoni au vilivyochelewa, na akiba kidogo ya vinavyopotea, hivyo 375 vinatosha. Wekeni bei za kwenu badala ya hizi za mfano. Mzabuni hatakuwa na mtaji huo mkononi, hivyo chuo kinunue vyombo, naye alipe kidogo kidogo kila wiki kile ambacho angelipia maboksi. Akimaliza muhula mmoja au miwili, anayobakiza yatamlipa muosha vyombo.

Aliye na hotipoti yake aruhusiwe kuitumia, na apunguziwe bei ya boksi ambalo hakulichukua. Punguzo la shilingi 200 lililoandikwa kwenye ubao wa bei hufanya kazi kuliko semina. Mpakuaji asishike hotipoti ya mteja kwa mkono unaogusa sufuria. Chombo kiwekwe juu ya sinia, na mwiko usiguse kingo zake.

Vitafunwa ni rahisi zaidi. Maandazi, vitumbua na chapati vilikuwa vikifungwa kwa jani la mgomba kabla ya nailoni kufika, na Rungwe haijaishiwa migomba. Jani lifutwe, lipitishwe juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, kisha likatwe. Pasipo majani, tumieni karatasi ya kaki isiyoandikwa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, ni cha ukanda huu huu. Gazeti kuukuu na karatasi za mitihani zilizopita visiguse chakula chenye mafuta, kwa sababu wino wake huyeyuka ndani yake.

Hapa nitahadharishe kuhusu mbadala wa uongo. Kikombe cha karatasi cha chai kina utando wa plastiki ndani, vinginevyo kingelowa. Vyombo vinavyotangazwa kuwa vinaoza, vilivyotengenezwa kwa plastiki ya mahindi, huhitaji mtambo wa mboji unaofikia nyuzi joto zipatazo 58, na katika shimo la taka la kawaida vitakaa kama plastiki nyingine yoyote. Foili ni afadhali kuliko povu kwa chakula cha moto, ila nayo ikitumika mara moja na kutupwa ni hasara.

Hatua ya tano: maji ya kunywa

Chupa ndogo za maji zitakuwa fungu la pili au la tatu kwa wingi. Mwanafunzi hununua maji kwa sababu haamini ya bomba, na imani hiyo haijengwi kwa maneno. Wekeni vituo vya maji yaliyochemshwa au kuchujwa, penye njia kuu za watu, katika ndoo safi zenye mfuniko na koki, na karatasi ukutani yenye tarehe ya kusafishwa na saini ya aliyesafisha. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Yaacheni yatokote kwa dakika tatu badala ya moja.

Hatua ya sita: mikataba na geti

Sera isiyoingia kwenye mkataba hubaki mabango. Zabuni ya mgahawa inapotangazwa upya, masharti yaandikwe waziwazi: hakuna chombo cha povu, hakuna kijiko wala mrija wa plastiki wa kutumika mara moja, karo la vituo vinne ni la lazima, na ukaguzi ni wa kila mwezi. Mwenye mkataba unaoendelea apewe muda wa kumaliza akiba aliyonayo, kwa tarehe inayojulikana. Idara nazo zijikague, kwa kuwa vikao vya uongozi vyenye chupa ndogo ya maji mbele ya kila mjumbe huvunja nguvu za agizo lolote.

Kwa mama lishe walio nje ya geti hamna mamlaka, mna mazungumzo tu. Wapeni nafasi ya kutumia vyombo na kadi zile zile za chuo, waosheeni vyombo hivyo karoni kwenu, na mtaona wanavutwa na wateja wao wenyewe. Mama lishe mmoja akiokoa fedha za maboksi ya mwezi, atawaeleza wenzake vizuri kuliko kamati.

Mahafali yana tatizo lake, kwa kuwa wageni wengi huja siku moja na hakuna rehani inayowezekana. Kodini sahani za kukodisha sherehe, kama ilivyo desturi katika harusi zetu, na mwongeze waoshaji kwa siku hiyo.

Hatua ya saba: kinachobaki, na hesabu ya pili

Chupa zitakuwepo bado. Zitengeni katika vizimba vya wavu vinavyoonyesha kilichomo, zikiwa tupu na zimekandamizwa, na mkubaliane na mkusanyaji mmoja siku ya kuja. Povu lililobaki lisichomwe. Lipelekwe dampo la halmashauri pamoja na taka nyingine.

Ratiba inategemea mvua. Mwaka wa masomo huanza karibu na mvua zetu za kuanzia Novemba, na kila boksi lililo mtaroni wakati huo huondoka nazo. Kwa vyuo vya Iringa, mitaro huteremka kuelekea Ruaha Mdogo, ambao maji yake huingia Ruaha Mkuu na kufika bwawa la Mtera. Kwa hiyo kuhesabu kufanyike Mei, karo lijengwe na vyombo vinunuliwe wakati wa likizo ndefu, na kadi zianze kuuzwa siku wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaporipoti, kabla hawajazoea boksi.

Katika wiki ya nane ya muhula rudieni zoezi la turubai, kwa majengo yale yale na siku zile zile. Angalieni pia daftari la vyombo: ikiwa zaidi ya kimoja katika kila kumi hakijarudi, msikimbilie kupandisha rehani. Nendeni kwanza kwenye mabweni, kwa sababu mara nyingi vimerundikana huko kwa kukosa mahali pa kuvirudishia usiku, na kreti moja yenye kufuli mlangoni mwa bweni inatosha kuvirudisha.